Ni Mimi Niliyekutuma

Joselyne mwanangu,

Nimeketi hapa mlangoni, miguu nje, daftari juu ya paja, maana bado kuna mwanga. Wewe na mama yako mko ndani, nawasikia mnabishana juu ya blanketi. Yeye anataka uchukue mawili, wewe unasema sanduku halitafungika. Mambo ya blanketi, ya sabuni na ya nani wa kumpigia simu ukifika, nimemwachia yeye. Anayajua kunishinda. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni miaka mitatu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, lakini kuandika nilifundishwa kule Congo kwa Kiswahili, na tena hii ndiyo lugha yetu ya kazi, mimi na wewe. "Leta musumari." "Shika kamba." "Kaza." Kwa Kinyarwanda sijui baba anaombaje msamaha kwa mtoto wake. Kwa Kiswahili pia sijui, ila nikikosea hutanicheka sana.

Unajua ninataka kusema nini. Paa la Gaspard.

Najua hulitaji. Hujawahi kulitaja hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Ungenitukana ningekuwa nimeshapona. Wewe ulinyamaza ukaendelea kunipakulia chakula kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri, nami nilikuwa nakula huku nikitazama sahani.

Acha nianze mbali kidogo, ili uone ugonjwa wenyewe ulianzia wapi. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, kule Masisi, bibi yako aliugua homa. Kaka zangu walikuwa malishoni na ng'ombe, nyumbani nilibaki mimi. Nikachukua kidumu nikaenda mtoni, nikakibeba kichwani kama nilivyomwona mama akibeba. Njiani nikakutana na wavulana wenzangu. "Yewe, muone huyu, amekuwa muke!" Walinifuata mpaka nyumbani wakiniimbia. Kesho yake nilikataa kwenda. Mama aliniangalia, akajikongoja mwenyewe na homa yake mpaka mtoni. Nilimwona akipumzika mara tatu kwenye kile kilima. Nilikuwa nimejificha nyuma ya zizi.

Hiyo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Nakuambia wewe ili ujue kwamba siku ile ya Gaspard haikuwa mara yangu ya kwanza kujificha.

Sasa wewe. Ulianza kunifuata kazini ukiwa na miaka tisa. Kwanza ulikuwa unanyoosha misumari iliyopinda, baadaye ukawa unanipasia mabati kutoka chini. Ulipofika kumi na tano ulikuwa unajua kupima mbao kuliko vijana wawili niliowalipa. Na juu ya nyumba ulikuwa unapanda, lakini wapi? Bugeshi. Kule juu kwenye baridi na viazi, ambako hakuna aliyetujua, nilikuwa nakuvalisha suruali yangu na kofia, nakuambia, "Panda." Tukirudi hapa Gisenyi nakuambia ubaki chini. Siku moja uliniuliza, "Papa, mbona Bugeshi napanda na hapa sipandi?" Nikakujibu kwamba mabati ya hapa yanateleza kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Ulicheka. Ulijua ni uongo, ukanihurumia. Nilipaswa kuona aibu siku ile ile. Niliona nimejibu vizuri.

Sababu unaijua. Wazee wetu walisema mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, ni kama amemkalia mwenye nyumba kichwani, na balaa litaingia. Mimi sikuwahi kuamini. Kama ningeamini, ningekuwa na kisingizio. Mimi niliogopa tu watu wanaoamini.

Baada ya volkano kulipuka na ardhi kutetemeka siku zile, nyumba nyingi za mtaa wetu zilipasuka kuta, na Gaspard alijenga yake upya karibu yote. Paa akanipa mimi. Tulikuwa tumemaliza upande mmoja, mvua inakaribia, niliposhuka vibaya kwenye ngazi nikavunjika mguu. Wewe mwenyewe ulinishikia kichwa ndani ya gari. Siku ya nne Gaspard akaja pale kitandani na uso wake mrefu. "Papa Joselyne, muke yangu na mutoto muchanga wako wanalala kwa ndugu yangu. Mvua ikikuja, mi nitafanya je?" Nikamwambia atulie, kazi itaisha. Alipotoka nikakuita. Maneno yangu nayakumbuka yote: "Nenda umalize. Anzia upande wa mlima uje upande wa ziwa, ili upepo usikute mdomo wa bati. Misumari mgongoni mwa bati, si bondeni. Mtu akikuuliza, mwambie ni baba amekutuma."

Mwambie ni baba amekutuma. Ndivyo nilivyosema.

Ulimaliza kwa siku mbili. Nilikuwa nasikia nyundo yako kutoka kitandani, nyumba ya tatu tu, na nitakuambia ukweli: nilisikiliza kwa raha. Nyundo ya fundi unaijua kwa sauti, haisitisiti. Nilimwambia mama yako, "Sikia huyo mtoto." Wakati huo huo watu walikuwa wamesimama barabarani wakikutazama, nami sikujua.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika, tukaenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Mimi sikufanya kazi, nilikaa juu ya jiwe na magongo yangu nikiwaangalia mkichimba mtaro. Baada ya kazi, kikao kama kawaida, watu wakakaa kwenye majani. Nilidhani tungeongea juu ya mtaro. Akasimama yule mama mzee anayeuza mkaa, akasema, "Mi niko na swali. Tangu lini mwanamuke anapandaka juu ya nyumba ya watu?"

Basi pakawaka. Ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa nyuma, huenda hukusikia yote. Mwalimu, yule kijana mrefu, alisimama akasema hakuna sheria inayokataza, na kama ipo aonyeshwe. Mzee mmoja akamjibu, "Usawa iko mu biro, mwalimu. Haiko juu ya nyumba." Watu wakapiga makofi. Mama mwingine, mjane, akasema yeye alipobaki peke yake alipanda juu ya nyumba yake kuziba tundu na hakufa. Mwenzake akamrushia, "We ulipanda kwa yako! Huyu alipanda kwa ya wenyewe!" Wanawake walikuwa wamegawanyika kuliko wanaume. Mmoja akauliza kama kesho wanaume nao wataanza kuzaa, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Gaspard hakucheka. Yeye alikuwa ana mtoto wa miezi miwili, na alikuwa ameambiwa mtoto huyo atakufa.

Faustin, fundi mwenzangu, alikuwa ameketi mbele yangu. Akageuka akanitazama, akatabasamu tu. Lile tabasamu nililisoma lote: mzee amekwisha, sasa anafanyiwa kazi na binti.

Ndipo mkuu wa mtaa akanyanyua mkono. "Bon, tunyamaze. Baba yake iko hapa. Papa Joselyne, ni we ulimutuma huyu mutoto?"

Wewe ulikuwa umesimama na jembe lako. Ulinitazama, na nakumbuka hukuwa na wasiwasi. Ulikuwa unangoja nijibu, kama mtu anayengoja kupewa kitu ambacho ni chake.

Nikasema, "Hapana. Mi sikumutuma. Nilikuwa kitandani. Alipanda kwa akili yake."

Wanasema uso umeumbwa na haya, kwamba ukimtazama mtu machoni huwezi kumtendea ubaya. Mimi nilikutazama machoni nikakutendea.

Baada ya hapo walisema mengi juu yako. Kichwa ngumu, hajafundishwa, nani atamuoa. Nilikuwa nimekaa pale pale. Ningeweza kusimama hata dakika ile. Mtu anaweza kusema, "Samahani, nimekosea kujibu." Nilifikiri, nitasema wakitulia. Walipotulia nikafikiri, nitasema kesho. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiitembea kwa magongo unaona kama haiishi.

Ungedhani niliishia hapo. Gaspard alidai paa lifunguliwe na lipigwe upya na mwanaume, la sivyo haingii. Na mwanaume aliyemtaka ni mimi, kwa kuwa mkataba ulikuwa wangu. Ningeweza kukataa. Mama yako alisimama hapa hapa nilipokaa, akaniambia, "We utapanda kubomoa kazi ya mutoto wako? Halafu urudi hapa ukule chakula yangu?" Nikapanda. Mguu haujapona vizuri, nikapanda. Kwa kazi ya woga nilikuwa na nguvu.

Joselyne, sijakuambia nilichokikuta juu.

Nilikuta misumari imenyooka kama iliyopigwa kwa uzi, na ni kweli uliweka uzi, nilikuta alama zake. Mabati yanapandana vizuri, midomo yote imeupa upepo wa ziwa mgongo. Nilishika bati la mwisho nikalitikisa, halikutikisika. Upande wangu, ule niliomaliza kabla sijavunjika, ulikuwa na misumari miwili bondeni. Nilikuwa na haraka siku ile. Kwako sikukuta hata mmoja.

Kisha nikafungua kofia ya paa, pale juu kabisa. Unakumbuka nilikufundisha kwamba fundi akimaliza huandika jina lake kwa penseli kwenye ubao wa mwisho, kabla ya kuufunika, ili atakayekuja kufungua baada ya miaka mingi ajue ni nani. Nilitegemea kukuta jina lako. Lilikuwa haki yako. Nikakuta umeandika, kwa ule mwandiko wako wa shule: *Kazi ya Papa Joselyne.*

Nilikaa juu pale mpaka Gaspard akaniita kutoka chini, "Iko nini huko, fundi? Iko mubaya sana?"

Nikamjibu, "Nitarekebisha."

Ubao ule niliufunika tena. Kisha nikang'oa misumari yako mmoja mmoja huku watu wanatazama, nikarudisha mabati yale yale, kwenye matundu yale yale. Wewe ni fundi, unajua kinachofuata. Bati likishang'olewa, tundu linapanuka, msumari haukai tena. Mvua ya kwanza ikaingia. Mke wa Gaspard akaweka beseni juu ya kitanda, ikaingia kandokando ya beseni. Na mtaa mzima ukasema, "Si tulisema? Ni mikosi ya yule musichana."

Nikapanda tena na lami kuziba, nikiwa nimefunga mdomo. Nilikuwa fundi peke yangu duniani niliyejua kwa hakika ni nani aliyetoboa paa lile, na nilikuwa nalipwa shukrani kwa kuliziba.

Yaliyofuata umeyabeba wewe. Ulienda kuomba kazi kwenye ujenzi kule mpakani, karibu na Grande Barrière, msimamizi akakuuliza, "Si we ni ule wa nyumba inavuja?" Ukarudi. Ukaenda kwingine, neno lilikuwa limekutangulia. Shangazi yako akakupeleka Goma, ukachanganya simenti miezi minne, ulikuwa unavuka asubuhi na kurudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Mpaka wa Congo ulipofungwa, ukakaa nyumbani. Ukabeba mawe. Ukafanya mtihani wa shule ya ufundi ukashindwa, nami nilipokuona umekaa nyuma ya nyumba na ile karatasi nilipita kama mtu anayekwenda chooni. Mwaka uliofuata ukaufanya tena. Ulikuwa unasoma na masikio yameziba kwa vidole kwa sababu ya redio yangu, na mimi, Mungu anisamehe, sikuizima.

Sasa umeshinda, kesho unakwenda. Watu wale wale wameanza kukusifu. Jana yule mama wa mkaa aliniambia, "Mutoto wako iko na uvumilivu, huyo!" Nilitabasamu nikasema asante. Uvumilivu wako nimeupokelea sifa, na mzigo wenyewe ni mimi niliyekutwika.

Kwa hiyo sitakuambia uvumilie. Hilo unalijua, na mimi si wa kukufundisha. Nilichojifunza ni kidogo na aliyekilipia ni wewe. Huko uendako utakutana na watu watakaobishana juu yako mbele yako, kama vile haupo. Kuna watakaokupinga kwa sauti, kama yule mzee wa usawa wa ofisini. Hao hawatakuumiza sana, utawazoea. Atakayekuumiza ni yule anayejua kwamba unaweza, amekuona ukiweza, na akiulizwa mbele ya watu anaangalia magongo yake. Usimngoje huyo. Mimi uliningoja, nilikuona ukiningoja. Na akija baadaye kukuomba msamaha, huna deni la kumpa siku hiyo hiyo kwa sababu tu yeye amechoka kuona aibu. Hata akiwa baba yako.

Ukikosea kazi, sema umekosea. Bati likivuja panda ukalitazame. Hayo mengine yote unayajua kunizidi.

Leo mchana, ulipokuwa umeenda kuwaaga watu wa kanisa, nilikwenda kwa mkuu wa mtaa. Kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu gari lako linaondoka baada ya saa sita, hakuna basi linalotembea kabla umuganda haujaisha. Nilimwambia naomba kusema neno kwenye kikao. Akauliza, "Juu ya nini?" Nikamwambia, "Juu ya paa ya Gaspard." Akacheka, "Papa Joselyne, ile ilishaisha!" Nikamwambia aandike jina langu. Akaandika.

Kwa Gaspard nilipita pia. Hakuwepo. Mtoto wake, yule waliyesema atakufa, alikuwa anakimbiza kuku uani.

Kesho wewe hutakuwa kwenye kikao, mama yako anataka uoge na ule kabla ya safari. Ni afadhali. Sitaki nisimame nikikutazama wewe, nikasema vizuri ili unione. Nataka niwatazame wao.

Lakini najijua, Joselyne. Nina miaka hamsini na sita, na mingi yake nimejificha nyuma ya zizi. Usiku huu nina ujasiri kwa sababu hakuna anayenitazama. Kesho Faustin anaweza kugeuka akatabasamu, na ulimi wangu ukakauka. Ndiyo maana nimeandika. Barua hii naiweka ndani ya sanduku lako, chini ya blanketi la pili ambalo najua mama yako atashinda. Atakutolea mkishafunga mlango wa gari. Yeye nimemweleza, naye atakuja kutoka huko huko kikaoni akusindikize ndani ya gari mpaka Nyundo, kituo cha kwanza. Ukishafika mstari huu, muulize jambo moja tu: "Papa alisema?"

Akikuambia nilisema, ichane, uangalie milima, nenda zako.

Akikuambia nilinyamaza, gari litakuwa halijafika mbali. Shuka pale Nyundo. Panda pikipiki urudi, kikao huwa hakivunjiki haraka, na kikivunjika watu hubaki kwenye kinywaji. Wasomee haya ya chini. Nimeyaandika kwa herufi kubwa ili usipate shida, na nimetia sahihi. Mimi nikiwepo nikajaribu kusema lolote, usininyamazie tena.

MIMI, BABA YAKE, NILIMTUMA JOSELYNE AMALIZE PAA LA GASPARD. ALILIPIGA VIZURI KULIKO MIMI. ALIYELITOBOA NI MIMI. ALIYESEMA UONGO HAPA MBELE YENU NI MIMI. ATAKAYETAKA KUHAKIKISHA AFUNGUE KOFIA YA PAA ATAZAME UBAO WA MWISHO. KUNA JINA LANGU, NAYE NDIYE ALIYELIANDIKA.

Papa Joselyne, fundi